Binti wa Mfalme na Mahamamu ya Kidichi

Apandaye kutoka Bububu kwenda Kidichi, katika kisiwa cha Unguja, hukuta jengo la kale lenye kuba, lililojitenga kati ya mashamba. Hayo ndiyo mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Wanafunzi hupelekwa huko, wakaonyeshwa mabirika na mapambo ya chokaa, kisha wakarudi. Sisi twapenda kuuliza: huyo mke alikuwa nani, na mwisho wake ulikuwaje?

Tuanze na jina. Wengine humwita Shahzade, wengine binti Irich Mirza. La kwanza ni cheo, maana yake kwa Kiajemi ni mwana wa mfalme. La pili ni jina la babake, mwana wa Fath Ali Shah aliyetawala Uajemi. Basi twamjua kwa nasaba ya wanaume. Jina alilopewa na mamaye halimo katika hayo mawili.

Habari za maisha yake zatoka hasa katika kalamu moja, ya Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme asimulia kwamba mgeni huyo alikuja na wapanda farasi 150, akatoka nao kuwinda mchana kweupe, jambo ambalo Waarabu wa Unguja waliliona limepita kiasi. Nguo zake zilitiwa lulu za kweli. Lulu ikianguka na mtumishi akaiokota, ilikuwa yake huyo mtumishi.

Lakini lulu haziondoi upweke. Mtoni palikuwa na mke mkuu, Bibi Azza binti Seif, mwanamke wa kimo kifupi ambaye neno lake halikupingwa na yeyote, hata na Seyyid mwenyewe. Mgeni hakujaliwa mtoto, na ilisemwa kwamba moyo wake ulikuwa kwa mtu mwingine. Siku moja, asema Salme, ugomvi ulizidi hata mtumishi mwaminifu akamzuia Seyyid asitende dhambi kubwa. Baada ya hapo ikawa talaka.

Miaka michache baadaye Seyyid Said alipigana na Waajemi kwa ajili ya bandari ya Bandar Abbas. Hapo ukazuka uvumi kwamba yule mtalaka ameonekana katika jeshi la Waajemi, akiwalenga kwa bunduki jamaa za mumewe wa zamani. Ndipo kalamu ya Salme yamwacha. Alikufa vipi, na wapi, hatuambiwi. Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Je, tuuamini uvumi huo? Tukumbuke kwamba Salme alikuwa mtoto mdogo mambo hayo yalipotokea, tena ni binti wa suria. Aliyoyaandika aliyapata kwa wakubwa wa nyumba ileile iliyomtaliki mgeni. Hatusemi kwamba alidanganya. Twasema tu kwamba nyumba iliyomfukuza mtu huogopa kurudi kwake, na hofu hiyo huzaa hadithi. Mwanamke mwenyewe hakuacha neno la kujitetea.

Lakini kuta zipo. Katika chokaa ya Kidichi mafundi walichora maua, mitende na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, mapambo yasiyo ya kawaida katika majengo ya wakati ule hapa Unguja. Mume aliyemjengea mkewe kipande cha nchi yake juu ya kilima cha ugenini hakumdharau siku zote. Ushahidi huo nao usikilizwe kama kitabu.

Kuna kimya kingine kizito zaidi. Utajiri uliojenga mahamamu ulitoka katika mikarafuu, na mikarafuu ililimwa kwa jasho la watumwa. Binti wa mfalme ameachiwa walau jina la babake. Wao hawakuachiwa hata hilo.

Kwa hiyo, mwalimu uwapelekapo vijana Kidichi, usiishie kwenye tarehe. Waulize: habari hii ameisema nani, aliiona au aliisikia, na ni nani ambaye hakupata nafasi ya kusema? Kijana atakayejifunza kuuliza hivyo mbele ya birika kavu atakuwa ameanza kuijua historia ya taifa lake.