Msichana Akitaka Kuhama: Miaka Hamsini ya Mvutano katika Kikapu cha Vyuo Marekani

Aprili 2, 2023, Dallas. Ni fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, LSU wanacheza na Iowa, na zimebaki sekunde chache tu twende mapumziko. Jasmine Carson, aliyeingia akitokea benchi, anapokea mpira mbali na goli, anaruka, anaurusha. Mpira unagonga ubao na kuzama wavuni. Pointi tatu. Kengele inalia, LSU 59, Iowa 42. Katika kipindi hicho cha kwanza peke yake Carson amefunga pointi 21 bila kukosa hata mtupo mmoja.

Carson hakuwa amelelewa LSU. Alianzia Georgia Tech, akaenda West Virginia, ndipo akafika LSU huko Louisiana. Tazama na wenzake walioanza mechi ile. Angel Reese alitoka Maryland. LaDazhia Williams alipitia South Carolina na Missouri. Kateri Poole alitoka Ohio State. Alexis Morris alikuwa amekwishavaa jezi za Baylor, Rutgers na Texas A&M. Kati ya watano hao, aliyeanza chuo LSU na kubaki hapo alikuwa mmoja, Flau'jae Johnson, naye alikuwa katika mwaka wake wa kwanza. LSU walishinda 102 kwa 85 na kutwaa kombe lao la kwanza, na tangu siku ile swali la uhamisho wa wachezaji limekuwa likiulizwa kwa sauti kubwa kuliko zamani. Wapo wanaosema mchezo umeharibika: wasichana hawatulii, timu inavunjwa na kuundwa upya kila masika, mshabiki hajui atamkuta nani msimu ujao. Malalamiko hayo nayaelewa. Ila historia yenyewe ni ndefu, na haikuanza na potali ya kompyuta wanamoandikishwa wanaotaka kuhama.

Tuanze miaka ya 1970. Wakati huo michezo ya wanawake vyuoni haikuwa chini ya NCAA, chama kikubwa kilichozoea kusimamia wanaume. Ilikuwa chini ya AIAW, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 na kuongozwa na wanawake, wengi wao walimu wa elimu ya viungo. Walimu hao waliona jinsi wanaume walivyogeuza michezo ya vyuo kuwa biashara, na hawakutaka wasichana wao wapite njia hiyo. Mwanzoni walikataa hata ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, wakaja kukubali mwaka 1973 baada ya kushtakiwa mahakamani. Katika jambo la uhamisho, hata hivyo, walikuwa na moyo mpana kuliko NCAA. Msichana aliyehama chuo aliruhusiwa kucheza alikokwenda bila kusubiri mwaka mzima. Kwao huyo alikuwa mwanafunzi kwanza, na mwanafunzi yeyote anayebadili chuo haambiwi akae mwaka mmoja bila kugusa vitabu. Kwa nini aambiwe asiguse mpira?

Wakati huohuo sheria ya Title IX ya mwaka 1972, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, ilikuwa inavilazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi. Fedha zikaanza kuingia, televisheni ikaanza kutazama, na NCAA, ambayo awali iliipinga sheria hiyo, ikaona hapa pana mavuno. Ikaanzisha mashindano yake ya wanawake na kujitolea kulipa gharama za safari za timu, jambo ambalo AIAW haikuwa na uwezo nalo. Vyuo vikubwa vikahama. Ndiyo, vyuo ndivyo vilivyotangulia kuhama.

Mwaka 1982 zilichezwa fainali mbili. AIAW ilikuwa na yake Philadelphia, Rutgers wakaifunga Texas. NCAA ilikuwa na yake Norfolk, Virginia, ambako Louisiana Tech waliishinda Cheyney State 76 kwa 62. Mchezeshaji wa Louisiana Tech alikuwa binti mfupi aliyesuka nywele mikia miwili, jina lake Kim Mulkey, ndiye aliyekuja kuwa kocha wa LSU ile ya 2023. Alicheza chuo hichohicho miaka yake yote minne. AIAW ikafa mwaka huo, kesi yake dhidi ya NCAA ikashindwa mahakamani, na wasichana wakakabidhiwa kanuni za wanaume. Katika kanuni hizo ilikuwemo hii: mchezaji wa kikapu akihama, anakaa nje mwaka mmoja. Anafanya mazoezi, anabeba chupa za maji, anashangilia, lakini uwanjani haingii.

Mwaka mmoja kwa msichana wa miaka 19 si kitu kidogo. Maisha ya mchezaji chuoni ni misimu minne. Na kukaa nje haikuwa adhabu pekee. Ili kocha mwingine azungumze naye, ilibidi chuo chake kitoe ruhusa. Chuo kikikataa, angeweza kwenda anakotaka, ila ufadhili wa masomo asingepewa mwaka ule. Kwa mtoto wa familia isiyo na fedha, hiyo ni sawa na kumwambia asiende.

Kisa cha Leticia Romero kinaonyesha jambo hili lilivyokuwa. Romero alitoka visiwa vya Canary, Hispania, akafika Kansas State mwaka 2013 na kuwa nyota wa timu katika msimu wake wa kwanza. Machi 2014 chuo kikamfukuza kazi kocha aliyemsajili. Romero alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya kocha huyo, akaomba aachiwe. Chuo kikakataa. Akakata rufaa, rufaa ikakataliwa. Hakuwa ameomba makubwa: ruhusa tu ya kusoma kwingine kwa ufadhili. Waandishi wakaandika, watu wakakasirika, na hatimaye chuo kikalegeza, kwa sharti kwamba asiende chuo kingine cha ligi yao ya Big 12. Akaenda Florida State. Miaka miwili baadaye alikuwa Rio na timu ya taifa ya Hispania iliyotwaa medali ya fedha ya Olimpiki.

Kocha anayefukuzwa hulipwa fidia. Kocha anayeitwa na chuo tajiri zaidi hufungasha virago siku hiyohiyo, na msimu unaofuata anasimama pembeni mwa uwanja na suti mpya. Hakuna aliyewahi kumwambia akae mwaka mmoja. Kila ninaposoma lawama juu ya wasichana wasio na uaminifu, huwa nawakumbuka makocha hao kwanza.

Hata chini ya kanuni ngumu, waliohama walikuwepo, na sababu zao hazikuwa za mzaha. Elena Delle Donne, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa sekondari nchini Marekani, alijiunga na Connecticut kiangazi cha 2008. Connecticut ndiyo Makka ya kikapu cha wanawake. Hakumaliza hata wiki. Alirudi nyumbani Delaware kwa dada yake mkubwa, ambaye haoni wala hasikii na humtambua mdogo wake kwa kumshika na kumnusa. Simu na barua haviwezi kuziba pengo kama hilo. Delle Donne akajiunga na chuo cha nyumbani, akacheza voliboli mwaka mmoja, kisha akarudi kwenye kikapu na kuifikisha Delaware hatua ya timu 16 bora mwaka 2013.

Wengine walivumilia mwaka wa benchi na ukazaa matunda. Allisha Gray alitoka North Carolina, Kaela Davis akatoka Georgia Tech, wote wakaenda South Carolina kwa kocha Dawn Staley na kukaa nje msimu wa 2015-16. Mwaka uliofuata walikuwa nguzo za timu iliyotwaa kombe la kwanza la chuo hicho, wakiifunga Mississippi State 67 kwa 55 kwenye fainali.

NCAA ilikuwa pia na utaratibu wa msamaha, na hapo ndipo dhuluma ilipojificha. Jessica Shepard alihama Nebraska kwenda Notre Dame mwaka 2017, akaomba asikae nje, akakubaliwa. Wachezaji wanne wa Notre Dame walikosa mechi kwa majeraha ya magoti msimu ule, na bila Shepard sidhani kama wangelibeba kombe la 2018. Evina Westbrook alihama Tennessee kwenda Connecticut mwaka 2019, naye akaomba. Akakataliwa, akakaa msimu mzima. Mpira ulikuwa uleule na chama kilekile, ila waamuzi wake walikaa mbali na walifanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa.

Mabadiliko yalipoanza kuja, yalikuja kwa kasi. Oktoba 2018 NCAA ilifungua potali ya uhamisho. Mchezaji anakiarifu chuo chake, chuo kinaingiza jina lake kwenye mfumo ndani ya siku mbili za kazi, na makocha wa nchi nzima wanaweza kuzungumza naye. Ruhusa ikageuka kuwa taarifa. Hilo neno moja kwangu ndilo mapinduzi yenyewe. Aprili 2021 ikapitishwa kwamba kila mchezaji anaweza kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Korona nayo ilikuwa imewapa wote mwaka wa ziada wa kucheza, vikosi vikajaa wakongwe wanaotafuta dakika za kucheza. Desemba 2023 jaji wa serikali kuu huko West Virginia akazuia kanuni iliyowabana wanaohama mara ya pili na zaidi, na kufikia Aprili 2024 NCAA ikasalimu amri: hama utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja; kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025-26, kilikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja.

Matokeo yake tunayaona. Masika ya 2025 zaidi ya wanawake 1,000 wa Daraja la Kwanza la NCAA waliingia kwenye potali, ilhali mashindano yenyewe yalikuwa bado yanaendelea. Hailey Van Lith alicheza Louisville, LSU na TCU, na vyuo vyote vitatu alivifikisha robo fainali ya taifa. Olivia Miles wa Notre Dame, aliyetarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kwenda ligi ya kulipwa ya WNBA, aliamua kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi, ila TCU. Ta'Niya Latson aliongoza nchi nzima kwa kufunga akiwa Florida State, kisha akaenda South Carolina.

Wapo wanaoumia, na sitaki kuwapita. Chuo kidogo kinamwokota msichana ambaye hakuna aliyemtaka, kinamfundisha miaka miwili, na akichanua tu anachukuliwa. Kocha mwenye nafasi moja ya ufadhili sasa anapenda kumpa mwanamke wa miaka 22 aliyekwisha komaa kuliko binti wa sekondari atakayehitaji misimu miwili ya kunolewa, na binti huyo anabaki nje. Na wapo wanaoingia kwenye potali wakasubiri simu isiyoita. Mchezo wenyewe pia umepoteza kitu. Bella Murekatete, binti wa Rwanda, alikaa Washington State miaka 5, kuanzia 2019 hadi 2024. Yeye na Charlisse Leger-Walker wa New Zealand walijuana uwanjani kiasi kwamba pasi ilifika kabla mkono haujanyooshwa, na mwaka 2023 wakashinda mashindano ya ligi yao ya Pac-12 ambayo hakuna aliyewatarajia kushinda. Timu ya namna hiyo haipikwi kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata vyuo vikubwa viliikimbia Pac-12 kufuata fedha za televisheni, Murekatete akawa amemaliza, na Leger-Walker akahamia UCLA. Hapa tena, vyuo ndivyo vilivyotangulia kuondoka.

Afrika Mashariki inao wengine katika historia hii. Jane Asinde wa Uganda alipita Wichita State kabla ya kuhamia UTEP. Na yupo Madina Okot, Mkenya mwenye urefu unaokaribia mita mbili, ambaye miaka michache tu kabla alikuwa mchezaji wa voliboli. Kikapu alikikomazia Chuo Kikuu cha Zetech, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 2024 alifika Mississippi State, na katika msimu wake wa kwanza alikaribia wastani wa ribaundi 10 kwa mechi. Masika ya 2025 jina lake likaingia kwenye potali. Muda mfupi baadaye alikuwa mchezaji wa South Carolina, kwa Dawn Staley.

Mississippi State na South Carolina zote ni za ligi ya SEC na zinakutana kila msimu. Hadi Juni 2021 kanuni za SEC hazikumruhusu mchezaji kuhama kutoka chuo kimoja cha ligi hiyo kwenda kingine na kucheza papo hapo, mpaka apewe msamaha maalumu. Okot alibadili jezi, akahama kutoka Starkville hadi Columbia, na msimu ulipoanza Novemba alikuwa uwanjani.