Ulanga Mweusi na Udongo Mwekundu: Nafasi ya Bayotaiti katika Ardhi ya Busi na Uwanda wa Kati

Ulanga unaothaminiwa sokoni ni maskovaiti, ule mweupe unaopitisha mwanga na kuzuia umeme, ambao katika enzi ya ukoloni ulichimbwa kwenye Milima ya Uluguru. Bayotaiti, yaani ulanga mweusi wenye chuma kingi, haina soko la namna hiyo, na kwa sababu hiyo hutajwa kwa nadra. Makala haya yanatetea hoja kwamba kwa Busi wilayani Kondoa, na kwa uwanda wa kati kwa jumla, kipimo hicho cha soko kinapotosha, kwa kuwa chuma kinachoinyima bayotaiti bei ndicho kinachoifanya iwe miongoni mwa vyanzo vikuu vya udongo.

Bayotaiti, iliyopewa jina hilo na Hausmann mwaka 1847 kwa heshima ya mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot, tangu mwaka 1998 huhesabiwa rasmi kuwa jina la kundi, si la madini ya aina moja. Upande mmoja wa kundi hilo una magnesi nyingi na rangi ya kahawia. Upande wa pili upo anaiti, ambayo karibu theluthi moja ya uzito wake ni chuma. Madini yote ya kundi hili yameundwa kwa matabaka membamba ya silika, alumini na metali, yaliyopangana kama kurasa za kitabu na kushikanishwa na ioni za potasiamu. Mshiko huo ni hafifu, na ndiyo maana ncha ya kisu hutosha kubandua jani jembamba linalopindika bila kuvunjika.

Sehemu kubwa ya Dodoma imekalia Kratoni ya Tanzania, bamba la graniti na naisi lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali upande wa mashariki wake umepakana na miamba ya Ukanda wa Msumbiji, iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Katika miamba hiyo bayotaiti huonekana kama madoa meusi kati ya kwatzi na feldispa. Maji ya mvua yanapopenya, chuma huungana na oksijeni, potasiamu hutoka, na maji huchukua nafasi yake. Majani hutanuka, na mtanuko huo hupasua mwamba hadi ukawa changarawe. Kwatzi hubaki mchanga, bayotaiti hugeuka vemikulaiti na hatimaye mfinyanzi, na chuma kilichoachwa huru huupa udongo wekundu wake.

Katikati ya mabadiliko hayo majani hupata rangi ya dhahabu, na yakimeta kwenye mchanga wa korongo huweza kumdanganya mtafutaji. Jaribio ni rahisi: dhahabu ikigongwa kwa nyundo hubapa, ilhali ulanga huvunjika vipande, tena uzito wa dhahabu ni takriban mara 19 ya ule wa maji, na wa bayotaiti ni kama mara 3 tu.

Potasiamu inayotoka katika bayotaiti hulisha mimea, lakini mmomonyoko huuchukua udongo uliozaliwa hivyo. Huenda ikapingwa kwamba mmomonyoko huo, kwa kufichua mwamba uliooza nusu, hurudisha juu potasiamu mpya. Hoja hiyo ina ukweli wa kikemia, lakini mmea hauishi kwa potasiamu pekee: nitrojeni na mboji hukaa katika tabaka la juu, ambalo ndilo la kwanza kuchukuliwa na maji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanzishwa mwaka 1973 na kufuatiwa mwaka 1979 na kuondolewa kwa mifugo katika eneo lililomomonyoka sana la Kondoa, ulilenga kulinda ardhi ya aina hiyo. Bayotaiti huzaa udongo polepole mno, na mvua za misimu michache zaweza kuuondoa. Kwa hiyo tathmini ya madini ya Busi inayoishia kwenye orodha ya yanayouzika huacha nje rasilimali ambayo wakulima wake huitegemea kila msimu.