Protini tarajiwa ya chanjo

Watafiti wa chanjo wanapoizungumzia protini ya bakteria yenye dalili za kufaa lakini ambayo bado haijathibitishwa kwa binadamu, Kiingereza huiita kwa neno lile lile la mtu anayewania cheo. Baadhi ya waandishi wetu wamelifuata na kuandika “mgombea wa chanjo”. Mimi naandika protini tarajiwa ya chanjo.

Chukua nimokoki, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia, au kichomi. Amejivika ganda la sukari, na aina za ganda hilo zimepita 100. Chanjo ya PCV huufundisha mwili kulitambua ganda. Kenya ilianza mwaka 2011 na PCV10, Tanzania 2013 na PCV13. Nambari ni idadi ya aina zinazolengwa. Faida yake ni kubwa: Kilifi, maradhi makali ya aina hizo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ila puani mwa watoto, pale zilipoondoka aina zinazolengwa, zinaingia nyingine ambazo chanjo haizigusi.

Ndiyo maana watafiti huangalia chini ya ganda. Protini inayopatikana kwa nimokoki wote ingeweza kuwakabili wote, wawe na ganda lolote. Jenomu nzima ya nimokoki ilichapishwa mwaka 2001, ikiwa na jeni zaidi ya 2,000. Kompyuta huzichambua ikitafuta protini zinazokaa juu ya seli au kutolewa nje, mahali ambapo kingamwili zinaweza kuzifikia. Zinazofanana mno na za binadamu huachwa, na zinazobadilika sana baina ya bakteria na bakteria huachwa pia. Chache zinazosalia hutengenezwa maabara, panya wakachanjwa kwazo, kisha wakaambukizwa ili ionekane nani atapona. Hizo chache ndizo tarajiwa.

“Teule” haifai: rais mteule ameshashinda. “Pendekezwa” ni hatari zaidi, kwa sababu kliniki chanjo inayopendekezwa ni ile mama anayoambiwa ampe mwanawe. “Tarajiwa” ina tumaini bila kutoa ahadi.

Na ahadi kweli haipo. Nchini Gambia, watoto wachanga walipewa chanjo yenye protini mbili, PhtD na pneumolisini iliyoondolewa sumu, zilizokuwa zimefanya vizuri kwa wanyama. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa nimokoki hawakupungua puani. Lakini pneumolisini ni sumu inayotoboa seli za mwili, na madhara yake makubwa yako mapafuni. Kingamwili zake huenda zikamkinga mtoto asiugue hata kama bakteria wanaendelea kukaa puani, jambo ambalo kipimo cha pua hakiwezi kulionyesha. Kwa hiyo pneumolisini, pamoja na matokeo hayo ya Gambia, naiacha kwenye orodha ya protini tarajiwa.