Nyumba ya Emery Walker na Herufi Zilizozamishwa Mtoni

Hammersmith, magharibi ya London, iko safu ya nyumba za matofali zilizojengwa katikati ya karne ya 18, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na migongo yake imeelekea Mto Thames. Nyumba namba 7 haina fahari ya nje iwezayo kumsimamisha mpita njia. Wageni huingizwa kwa makundi madogo, maana vyumba ni vyembamba na vitu ni vingi. Humo aliishi mpiga chapa Emery Walker tangu mwaka 1903 hata alipofariki mwaka 1933, na baada yake binti yake, Dorothy, ambaye aliviacha vyumba jinsi baba alivyoviacha. Kama binti huyo angalikuwa mtu wa kupenda mitindo mipya, leo kusingalikuwa na cha kutazama.

Mgeni ajaye kutafuta mitambo ya chapa hustaajabu kukuta nyumba ya watu. Karatasi zilizobandikwa ukutani ni za michoro ya William Morris. Samani nyingine zilikuwa mali ya Philip Webb, msanifu wa majengo. Blanketi la kitanda lilitariziwa na May Morris, binti wa William, kwa ajili ya mke wa Walker. Na miwani ya Morris mwenyewe imo. Hizi ni kumbukumbu za urafiki kwanza, na ndani ya urafiki huo ndimo sanaa ya kitabu ilimofufuliwa.

Usiku wa tarehe 15 Novemba 1888 Walker alitoa hotuba juu ya upigaji chapa. Hakuwa msemaji hodari. Lakini alikuwa na taa ya picha, na kwa taa hiyo alizikuza kurasa za vitabu vya kale hata kila herufi ikaonekana umbo lake. Morris alitoka pale amekwisha kata shauri la kuchora herufi zake mwenyewe. Mwaka 1891 kiwanda chake cha Kelmscott kilianza kazi, na Walker, bila ya kuwa mshirika, akawa mshauri wake wa kila siku. Wawili hao walishikilia kwamba kurasa mbili zinapofunuka mbele ya msomaji ni kitu kimoja, wala si viwili, na kwamba nafasi nyeupe hupimwa kwa uangalifu ule ule upimao wino. Hayo huonekana madogo. Kitabu kisichoyajali, walakini, huyachosha macho kabla hakijaichosha akili.

Mwaka 1900 Walker alishirikiana na T. J. Cobden-Sanderson, mwanasheria aliyeiacha sheria akawa mjalidi, kufungua kiwanda cha Doves. Walikuwa na herufi za namna moja na ukubwa mmoja tu, zilizofuata mfano wa herufi za Nicolas Jenson wa Venice, na mihuri yake ya chuma ilichongwa na Edward Prince. Kwa herufi hizo walipiga chapa Biblia ya Kiingereza ya mabuku matano, iliyomalizika mwaka 1905. Hapana picha wala pambo. Ila herufi nyekundu ya kwanza, iliyochorwa na Edward Johnston, imesimama kandoni mwa ukurasa mzima kama mlingoti.

Ushirika ule ulivunjika mwaka 1909. Wakapatana kwamba Cobden-Sanderson azitumie herufi maisha yake yote, na akifa kabla ya Walker ziwe za Walker. Alikuwa amemzidi mwenziwe kwa miaka kumi na zaidi, na hesabu hiyo hakuweza kuivumilia. Alichelea siku moja herufi zake zitiwe katika mitambo isiyovutwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1913 aliitupa mtoni mihuri na kalibu. Kisha tangu Agosti 1916 hata Januari 1917, mzee wa miaka zaidi ya 75, alikwenda usiku baada ya usiku katika Daraja la Hammersmith akimwaga herufi zenyewe kidogo kidogo, hata uzani upatao tani moja ukazama.

Wako wanaomsifu kwa jambo hilo, wakaliita sadaka. Sadaka, hata hivyo, hutolewa katika mali ya mtoaji. Herufi zile zilikuwa na mwenyewe wa pili, naye alikuwa hai, akikaa mwendo mfupi kutoka darajani. Yaliyozama hayakuwa risasi tu, bali pia jicho la Walker, kazi ya mkono wa Prince, na ahadi iliyotiwa saini. Cobden-Sanderson alipofariki mwaka 1922, Walker alimdai mjane wake, akalipwa pauni 700. Fedha hazikuweza kupiga chapa hata mstari mmoja.

Mwaka 2014 msanifu wa chapa Robert Green, aliyekwisha kuzichora upya herufi hizo kwa kompyuta, alikwenda ukingoni maji yalipokupwa, akaokota chache matopeni. Wapiga mbizi wa mamlaka ya bandari ya London walipomsaidia, zikapatikana 150 hivi. Zilizobaki zingali chini ya mto ule ule uonekanao kutoka madirisha ya nyuma ya nyumba namba 7.