Ugonjwa sugu wa utumbo: matibabu na msaada

Chini ya jina hili hukusanywa maradhi mawili ndugu, ugonjwa wa Crohn na kolitisi ya vidonda. Katika yote mawili kinga ya mwili huushambulia utumbo, ukavimba, ukachubuka na kutoka damu. Hali hiyo hupoa kwa miezi au miaka kisha huamka tena. Kolitisi hukaa kwenye utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, uliopata jina lake kwa Burrill Crohn, aliyeueleza na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai, New York, mwaka 1932, huweza kushika popote tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Mgonjwa huharisha kwa wiki nyingi, choo kikawa na damu au kamasi, tumbo humsokota, hukonda na kuishiwa damu. Huko Afrika Mashariki, hata hivyo, shida yake ya kwanza si dawa. Ni kutambuliwa.

Kwa muda mrefu maradhi haya yamehesabiwa kuwa ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alieneza katika miaka ya 1970 hoja kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa nchi tajiri ni nadra kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya chakula chao chenye nyuzinyuzi. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini uchache wa waliotambuliwa si lazima uwe uchache wa wanaougua. Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa kipimo cha damu peke yake. Yahitajika kolonoskopia, yaani kamera kupitishwa kwenye utumbo mpana, na vipande vya nyama kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Pasipokuwa na kamera wala mtaalamu, mgonjwa haingii kwenye hesabu yoyote. India na China nazo ziliwahi kudhaniwa kuwa salama, na leo wagonjwa wao ni wengi.

Waganga watajibu, tena kwa haki, kwamba amiba na kifua kikuu ndivyo vinavyoonekana zaidi huku, basi busara ni kuanza navyo. Ni kweli. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn hata mbele ya kamera, na kumpa mwenye kifua kikuu dawa za kushusha kinga ni kumhatarisha maisha. Lakini hoja hiyo inatetea uchunguzi kamili. Haitetei kurudia dawa ileile ya amiba au ya taifodi kila damu inaporudi. Dawa iliyoshindwa nayo ni ushahidi. Kuhara kukipita wiki nne kunaitwa sugu, na hapo mgonjwa ana haki ya kuomba rufaa kwenda hospitali yenye bingwa wa mfumo wa chakula, akiwa na majibu yote ya vipimo na orodha ya dawa alizokwisha kutumia.

Wengine husema kutambuliwa kuna faida gani ikiwa matibabu hayanunuliki. Infliximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, kweli ni ghali. Hata hivyo sulfasalazine, iliyobuniwa na daktari Nanna Svartz wa Sweden, ni dawa ya zamani na bado huwatuliza wengi wenye kolitisi isiyo kali. Azathioprine husaidia kuzuia ugonjwa usiamke. Prednisolone hutuliza mwamko, lakini haifai kutumiwa miaka nenda rudi. Kuacha dawa kwa sababu tumbo limetulia ndiko humrudisha mgonjwa wodini.

Msaada wa nyumbani nao ni sehemu ya tiba, kwa kuwa aibu ya choo huwafanya wengi wafiche. Mwajiri na mwalimu wamruhusu mgonjwa kwenda msalani bila kuomba. Ndugu wasimlaumu kwa chakula alichokula: hakuna mlo uliothibitika kuusababisha ugonjwa huu wala kuuponya, ingawa sigara huzidisha Crohn. Na anayetoa choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, huku ana homa au moyo unamwenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.