Msee Akikupita Bila Salamu Si Lazima Akuwe na Madharau: Hivi Ndivyo Ubongo Husoma Sura

Huku Kericho na Bomet salamu ni deni. Ukisema "Chamgei" unangoja jibu, na mtu akikupita kimya hapo steji ya Litein, kufika jioni kila mtu anajua ana maringo. Lakini kuna wasee macho yao yako fiti kabisa, ni sura tu hazikai kichwani. Hali hii inaitwa prosopagnosia, jina lililotolewa na daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, mwaka wa 1947.

Iko hivi. Chini ya ubongo, upande wa nyuma, kuna kasehemu kanachapa kazi ukiona uso. Mwaka wa 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walipiga picha za ubongo wakaona kanachangamka zaidi kwa sura kuliko kwa vitu vingine. Ubongo hausomi jicho, halafu pua, halafu mdomo. Unameza sura nzima mara moja. Ndio maana ukigeuza picha ya beshte yako kichwa chini, unaanza kukisia ni nani.

Mwenye hii hali anaona pua na macho vizuri, lakini sura nzima haimwambii ni nani. Wengine huzaliwa hivyo, na inaweza kutembea kwa familia. Anakujua kwa sauti, nywele, mwendo ama nguo. Sasa fikiria shamba la chai asubuhi: ukungu, kofia, aproni zinafanana, kila mtu na kikapu mgongoni. Hapo hana pa kushikilia.

Usidhani ni ujinga. Jane Goodall, aliyeanza kuchunguza sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka wa 1960, alieleza mwenyewe kwamba sura zilimsumbua, hata za sokwe wasiokuwa na alama za wazi.

Kwa hivyo ukimjua mtu kama huyo, anza wewe: taja jina lako na mahali mnajuania. Inamwokolea aibu.

Lakini mzee aliyekuwa anajua watu wote akianza ghafla kupotewa na sura, usiseme ni uzee. Inaweza kuwa kiharusi. Mkimbize hosi saa hiyo hiyo, usingoje kesho.