Kioo cha Safu Themanini

Nilipotoka Cheptais kwenda kufanya kazi ya ukarani wa malipo ya wakulima Kitale, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikabidhiwa teminali: kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, na kibodi yake. Diski haikuwa nayo, wala haikuhifadhi jina la mkulima hata mmoja. Kila herufi niliyobonyeza ilikimbia kwenye waya hadi kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha nyuma, na ilionekana kwangu pale tu iliporudishwa. Kompyuta ikilemewa, ungeandika jina zima la mzee aliye mbele yako na kioo kikabaki kitupu, kisha herufi zote zikamiminika kwa mkupuo. Wazee waliotoka mlimani kuulizia malipo yao walisubiri pamoja nami, macho kwenye kioo.

Nyingi za teminali za aina hiyo zilifuata mfano wa VT100, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation mwaka 1978. Mistari 24, safu 80. Hizo 80 ni urithi wa kadi za matundu za IBM za mwaka 1928. Kwa madaftari mapana ungeweza kupanua hadi safu 132, herufi zikawa nyembamba mno, macho yakauma kufikia jioni.

Lakini jambo ninaloliheshimu zaidi ni lugha ya amri ya VT100. Kompyuta ilituma alama ya ESC, bano la mraba, tarakimu chache na herufi: nenda mstari wa 10, safu ya 40, koleza, pigia mstari, metameta. Amri hizo zilifuata kanuni ya pamoja ya Marekani, ANSI, kwa hiyo hata mashine ya kampuni nyingine ilizielewa. Ofisi ndogo haikufungwa kwa muuzaji mmoja. Mfumo wa kompyuta wa Linux unazitii hadi leo.

Nami naiona teminali ile kila siku ya soko hapa Cheptais. Muuza vitunguu akipiga *144# kuulizia salio la simu, simu yake ya vitufe haijui salio lake. Inauliza mtambo ulio mbali na kuonyesha jibu lisilozidi herufi 182. M-PESA, huduma ya kutumiana pesa kwa simu iliyoanza 2007, nayo ilitegemea mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi 2015. Miaka yote hiyo, shilingi mia mbili za kutoka Bungoma hadi Cheptais ziliandikwa kwanza Ulaya.